Nani Aruhusiwe Kucheza na Gobori?

Wanaozungumza hapa ni watu wa kubuni. Nimewaketisha kwenye kibanda cha chai nyuma ya ukumbi wa Kaloleni, Jumapili alasiri, kwa sababu Eastlands ya Nairobi huwezi kuzungumzia bunduki bila kwanza kutazama nani ameketi meza ya pili. Sheria, vita na tarehe wanazozitaja si za kubuni. Hoja imeletwa na kijana mmoja: anataka Nairobi iwe na klabu ya kufyatulia bunduki za kale, zile za kushindilia baruti mdomoni mwa mtutu, na anataka klabu hiyo isiwe ya watu wa Karen, mtaa wa matajiri, peke yao. Mimi nimejipa kiti cha pembeni. Nitaingilia nikichoka kunyamaza.

KIJANA: Mjomba wangu yuko Indiana, Marekani. Kila mwaka huenda kamji kanaitwa Friendship, ndiko makao ya chama cha wapenzi wa gobori, chama cha tangu 1933. Ananitumia video. Mzee mzima anapima baruti kwa kikombe kidogo cha shaba, anaimimina mtutuni, anaweka risasi ya mviringo iliyovikwa kitambaa, anaisukuma kwa mdeki mpaka chini, anavika fataki, analenga. Inalia, moshi mweupe unafunika kila kitu, hata shabaha huioni. Halafu anaanza tena mwanzo. Kuna mashindano ya dunia pia, yana kamati yake tangu 1971, Afrika Kusini wamo. Unapewa dakika 30 upige risasi 13, wanahesabu 10 zilizo bora. Manze, huo ni mchezo wa subira! Mbona sisi tusiwe nao?

MAMA: Wewe unakaa wapi, kijana wangu?

KIJANA: Kayole, mama.

MAMA: Haya, endelea.

FUNDI: Mimi nimevutiwa na kazi yenyewe. Pale Kamukunji tunagonga masanduku, majiko, karai, mchana kutwa. Nikitazama hiyo mashine naona kazi ya mikono ya fundi. Chemchemi ya mtambo, kichwa cha kubana jiwe, kitako kilichochongwa kikakaa begani. Hakuna kiwanda hapo, ni tupa na macho. Mtu akinipa ya zamani niifungue, nitakaa nayo wiki nzima bila kula.

WAKILI: Na wiki ya pili, Fundi, utakaa Industrial Area, rumande.

FUNDI: Wakili, mimi nimesema kuifungua tu.

WAKILI: Nami nakwambia mapema. Sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, inaeleza bunduki kuwa ni chombo chochote chenye mtutu kiwezacho kurusha risasi au kitu kingine na kuua, au kinachoweza kugeuzwa kifanye hivyo. Pambo la ukutani lina mjadala wake, leo tuuache. Kijana anataka kufyatua. Akifyatua ni silaha, hata iwe na umri wa miaka 200. Ataomba cheti kwa Bodi ya Leseni za Silaha, aseme sababu, achunguzwe. Kutengeneza ndiko kugumu zaidi. Tena bado hujafika kwenye baruti. Baruti nyeusi, ule mchanganyiko wa shura, salfa na makaa, iko chini ya sheria nyingine kabisa, ya vilipuzi, Sura ya 115, inayosimamiwa na watu wa madini. Kwa hiyo mchezo mmoja, milango miwili, na kila mlango una bawabu wake.

KIJANA: Na kwa mjomba?

WAKILI: Kwa mjomba wako sheria ya serikali kuu ya mwaka 1968 inaitoa bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla, pamoja na gobori jipya la kuiga la zamani, nje ya tafsiri ya silaha. Anaweza kuagiza likaletwa na posta mlangoni. Majimbo yana masharti yao, lakini huo ndio msingi. Uingereza nako, bunduki ya kale ikikaa kabatini kama kumbukumbu haina shida. Siku utakapotaka kuipiga unahitaji cheti, na baruti ina cheti chake.

MWALIMU: Mnaniudhi kidogo kwa kuanzia Indiana. Gobori si mgeni huku, ninyi ndio mmemsahau. Karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo, Pangani na Mombasa ilikwenda bara na bunduki na baruti, ikarudi na pembe na watu waliofungwa minyororo. Hamed bin Muhammed aliitwa Tippu Tip kwa mlio wa bunduki zake, na ameyaeleza hayo mwenyewe katika kitabu cha maisha yake. Mirambo wa Unyamwezi aliwapa ruga-ruga, wapiganaji wake, magobori akajenga dola. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza pale Unguja alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 huingia kisiwani kila mwaka. Nyingi zilikuwa mitumba ya majeshi ya Ulaya. Wao walikuwa wamehamia bunduki za kupakia nyuma, wakawa na maghala yaliyojaa chuma cha zamani, na sisi tulikuwa na ndovu.

WAKILI: Na hata wakati huo haikuwa holela, Mwalimu. Sayyid Said alipofanya mkataba na Wamarekani mwezi wa Septemba 1833, aliwaachia wauze karibu kila kitu kwa wampendaye. Isipokuwa bunduki, baruti na risasi. Hizo, kisiwani Unguja, ziuzwe kwa serikali tu.

MWALIMU: Umenitangulia. Mtawala yeyote mwenye akili huuliza bunduki iko mkononi mwa nani. Sasa kijana, sikiliza vizuri, maana subira unayoisifu sisi tuliandikiwa kwenye mkataba. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi Brussels mkataba wa kukomesha biashara ya utumwa. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, na kuna mema yaliyotoka humo. Lakini ndani yake mna vifungu vya silaha. Kuanzia latitudo ya 20 kaskazini ya ikweta hadi ya 22 kusini, bunduki za kisasa zisiuzwe kwa wenyeji. Kilichoachwa sokoni ni bunduki ya gumegume yenye mtutu laini usio na mifuo, na baruti ya kawaida ya biashara. Chora mistari hiyo miwili kwenye ramani. Hapa tulipokaa tumo, Mombasa imo, Tabora imo, Kongo yote imo.

Maxim alikuwa ameshabuni mashine yake tangu 1884, risasi 600 kwa dakika. Mtu wa gumegume akiwa hodari sana, hapumui, hapotezi hata punje ya baruti, atapiga tatu. Mahenge, Tanzania ya leo, Agosti 1905, watu wa vita vya Maji Maji walikwenda na mikuki na magobori mbele ya bunduki za rashasha. Mnajua yaliyowapata. Leo mjukuu wa waliotia sahihi Brussels amestaafu, ana muda na pensheni, anaona raha ya kupiga moja kisha angoje. Simlaumu. Ila upole huo kwake ni starehe kwa sababu ya haraka anayo kabatini.

Hapo nilitaka kumwacha Mwalimu na ushindi wake, kwa kuwa sentensi ya mwisho ningependa niwe nimeisema mimi. Wapenda gobori wa Ulaya na Marekani huuona mchezo wao kama njia ya kuikimbia silaha ya kisasa, kurudi kwa fundi na ufundi. Ni kweli kwao. Lakini huwezi kuikimbia silaha ambayo hukuwahi kuruhusiwa kuishika. Kijana wetu, hata hivyo, hakuwa amelala.

KIJANA: Sasa mwalimu, nisicheze kwa sababu babu alipigwa? Mpira pia uliletwa na mkoloni. Reli aliijenga yeye, na tunapanda. Wakenya wenye leseni wanapiga shabaha kule Kirigiti, Kiambu, kwa bastola za kisasa, na hakuna anayewauliza Tippu Tip alifanya nini. Mimi nikitaka ile ya polepole, ile ambayo hakuna mwizi angeichagua hata ungempa bure, ndiyo mnanifungulia darasa la historia!

MWALIMU: Jibu zuri. Sina la kuongeza.

FUNDI: Mimi ninalo, kwa hilo la mwizi. Usiseme mwizi hawezi. Kila mara polisi huonyesha bunduki za kujitengenezea walizozikamata, vyuma vya ajabu. Watu wakisikia gobori wanadhani ni bomba lolote lenye tundu. Bomba la maji lina mshono ubavuni, kijana wangu. Halikutengenezwa kuzuia mlipuko, limetengenezwa kupitisha maji. Likipasuka, linapasukia usoni mwa aliyeshika. Nimeona mikono iliyopoteza vidole kwa gesi ya kuchomelea tu, sembuse baruti. Kama klabu yako itakuja, ije na mitutu iliyopimwa na kupigwa mhuri na watu wa kazi hiyo. Mtu asiniletee bomba karakana niseme ni utamaduni.

KIJANA: Si hata mababu walitengeneza za bomba? Mau Mau?

Swali hili lilibadilisha meza. Bunduki za Mau Mau hazikuwa magobori. Nyingi zilitumia risasi za kiwandani zilizoibwa au kununuliwa kwa magendo. Lakini katika kumbukumbu za watu wa Eastlands zimekaa rafu moja na gobori, kwa sababu ni bunduki ya fundi wa mtaani. Mtutu wa bomba, komeo la mlango kwa kupigia, na mpira uliokatwa ukawa chemchemi. Zilimtisha adui, na mara nyingine zilimjeruhi mwenyewe.

MWALIMU: Walitengeneza, ndiyo. Na unakumbuka Dedan Kimathi alinyongwa kwa kosa gani?

KIJANA: Uasi. Mauaji.

MWALIMU: Alikamatwa Oktoba 1956, akashtakiwa Nyeri kwa kupatikana na bastola na risasi zake bila idhini. Tarehe 18 Februari 1957 wakamnyonga Kamiti. Chini ya Hali ya Hatari, kushika silaha kulitosha kukuua. Serikali ya kikoloni ilinyonga watu zaidi ya 1,000 vita vile, na wengi wao hawakushtakiwa kwa kuua mtu. Aprili 1954 mitaa hii yote, Kaloleni, Shauri Moyo, Pumwani, Bahati, ilizingirwa alfajiri, watu wakapangwa mstari kama mbuzi wa mnada, ikaitwa Operesheni Anvil.

MAMA: Mnazungumza kama yalikwisha.

Wote walinyamaza, na kwa haki. Yeye ndiye alikuwa bado hajasema lake.

MAMA: Mimi sijui Brussels. Mimi najua Mathare, najua Dandora, nina wavulana wawili. Kituo cha haki za jamii pale Mathare kilitoa ripoti mwaka 2017, kikauliza nani anafuata, kikaandika majina ya vijana waliouawa na polisi. Mwaka huohuo kulikuwa na video ya vijana wawili wakipigwa risasi Eastleigh, mchana, watu wamesimama wanatazama. Kila mara habari inapotoka huwa na mstari uleule: alipatikana na bastola. Mara nyingine bastola ya kujitengenezea, mara bandia, mara ya mtoto. Mama yake hajawahi kuiona nyumbani. Sasa wewe, Kayole, unataka utembee na chuma cha urefu wa mita moja na nusu umwambie karao ni cha kale?

KIJANA: Nitakuwa na cheti, mama.

MAMA: Cheti husomwa na mtu aliye hai. Wewe utakuwa umelala chini, nacho mfukoni.

WAKILI: Mama amesema jambo ambalo sheria hailiandiki. Mwaka 2018, mwezi wa Desemba, serikali iliagiza kila mwenye leseni ya silaha nchini ahakikiwe upya kwa siku 90. Wakajitokeza wafanyabiashara, wanasiasa, watu mashuhuri. Wakapanga foleni, wakatoa karatasi. Hakuna aliyelazwa kifudifudi. Sisemi walikosea. Nasema mtu wa namna hiyo akikutwa na bunduki kwenye buti ya gari, swali la kwanza ni karatasi.

KIJANA: Kwa hivyo shida si gobori. Shida ni mimi.

MAMA: Shida si wewe. Usigeuze maneno yangu. Mimi nataka urudi nyumbani.

Hapa nitavunja utaratibu niseme langu. Ninaamini mama ana haki kuhusu barabara, na kijana ana haki kuhusu hoja. Ukilitazama gobori lenyewe, hatari yake katika uwanja wenye mpaka na msimamizi ni ndogo na inajulikana: mtu amwage baruti moja kwa moja kutoka kwenye pembe wakati kuna cheche iliyobaki mtutuni, au atie baruti ya kisasa isiyo na moshi mahali pa ile nyeusi, mtutu upasuke. Haya hufundishwa siku ya kwanza. Kinachoizuia klabu ya Eastlands ni safari ya kutoka mlangoni hadi uwanjani. Starehe hii inahitaji mtu ambaye akionekana na bunduki hudhaniwa kuwa na sababu, na sijui bodi inayotoa cheti cha hilo.

Wakati huo aliingia mzee wa Majengo, Pumwani, akaamkiwa shikamoo na watu waliozoea kusalimiana kwa ngumi. Alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa.

MZEE: Mbona mnalia kama mchezo huu ni wa Wazungu? Nina binamu zangu Muscat. Harusini huko wanaume hucheza razha kwa panga na bunduki. Wazee wao walikuwa na abu fatila, gobori la utambi, refu, lililovishwa fedha. Baruti kwao ni sauti ya furaha. Nenda Morocco: wapanda farasi mstari mmoja wanakuja mbio, wanasimama ghafla, wanafyatua pamoja, mlio mmoja. Mlio ukitawanyika ni aibu kwa kundi zima. UNESCO imewaandika mwaka 2021. Cape Town wanapiga mzinga saa sita mchana kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu, tangu 1806, wa kushindilia vilevile, na watu hurekebisha saa zao.

KIJANA: Mnaona? Asante, mzee.

MZEE: Pole pole. Hao wote wanapiga hewani, mbele za watu, kwa siku inayojulikana. Wewe unataka kwenda peke yako na karatasi yenye duara.

MWALIMU: Na wao hawakukatiwa mila yao. Mmorocco alirithi kwa baba yake. Sisi tulirithi marufuku. Hata uwindaji wenyewe nchi hii iliufunga Mei 1977. Tanzania ndiko gobori bado lina kazi: mkulima analinda shamba dhidi ya ngedere na nguruwe pori. Lakini kule nako limegawanyika, mwenye leseni na asiye nayo, mlinzi wa shamba na jangili, na zaidi ya mara moja serikali imewapa watu muda wasalimishe magobori wasishtakiwe. Ukimwambia mkulima yule kwamba kuna watu hulipa nauli ya ndege wakashindane kwa chombo chake, atacheka mpaka ngedere wamalize mahindi.

FUNDI: Basi turudi kwenye ukumbi huu hapa nyuma yetu. Wanasiasa walihutubia humo kabla ya uhuru. Watoto wa shule wanafanyia michezo ya kuigiza. Kila mwaka kuna tamasha la kitaifa la drama, na kila mwaka utaona Mau Mau jukwaani wameshika fimbo za ufagio. Nipeni kazi hiyo. Nitatengeneza gumegume lisilo na tundu. Mtutu chuma kizima, hauwezi kurusha hata mate. Mtambo ule wa kweli, jiwe likipiga chuma cheche zinaonekana. Moshi tutumie wa jukwaani. Mtoto ajifunze kupima, kushindilia, kungoja, ajue Mahenge walikuwa na muda gani kati ya risasi na risasi. Mwalimu asome saa.

MWALIMU: Hiyo naitaka hata kesho. Darasa la historia lingekuwa na mlio kwa mara ya kwanza.

WAKILI: Mimi nitaandika barua kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, na nyingine kwa bodi, tueleze ni kifaa cha kufundishia. Nataka mhuri wao kabla Fundi hajawasha mashine. Mhuri kwanza, picha zipigwe kila hatua, lisikatwe hata bomba moja bila shahidi.

KIJANA: Lakini hiyo siyo kufyatua.

MZEE: Siyo. Ukitaka kufyatua, tafuta pesa, tafuta cheti, nenda Kirigiti kwa gari la watu. Hakuna anayekukataza. Huku tunatafuta kitu cha mtaa.

KIJANA: Kwa hivyo mtaa upate jukwaa, na mwenye gari apate moshi.

Hakuna aliyemjibu, na mimi sina jibu la kumpa. Alikuwa amekubali kushindwa kwa mwendo wa mtu ambaye atarudi nalo wiki ijayo, na ningemshauri arudi nalo.

MAMA: Na itatokaje Kamukunji mpaka hapa? Itapanda matatu?

FUNDI: Kwa mkokoteni, mama. Kwenye gunia.

MAMA: Chuma kirefu, gunia, jioni, vijana wanasukuma.

FUNDI: Mchana basi. Na nitaipaka rangi ya machungwa, kama vile vibunduki vya watoto vya Marekani.

MAMA: Mdomoni tu, au yote?

FUNDI: Yote, mama. Hata kitako.

MAMA: Na hao wanaosukuma mkokoteni?